Kuoverholi injini ya zamani ya trekta ya dizeli nyumbani: pima kwanza, spana baadaye

Trekta ikianza kukosa nguvu au kutoa moshi, wengi wetu kitu cha kwanza ni kushika spana na kufungua hedi (kile kifuniko kizito cha juu ya silinda). Naomba sana usifanye hivyo. Najua mikono inawasha, najua ukishaona moshi wa bluu roho inakwambia ringi (zile pete zinazozunguka pistoni) zimekwisha, lakini injini ya zamani ikishafunguliwa hairudi kama ilivyokuwa. Gasketi imekufa, bolti zilizokaa miaka 40 zimeguswa, uchafu umeingia sehemu ambazo haukuwepo, na kibaya zaidi ule ushahidi wote ambao injini ilikuwa inakupa ikiwa inazunguka umeshaupoteza.

Naongea kwa uchungu kwasababu nimeyapitia. Injini yangu ya kwanza ilikuwa Perkins AD3.152, ile ya silinda tatu inayokaa kwenye Massey Ferguson 135, pistoni ya milimita 91.4 na mwendo wa milimita 127. Ilikuwa inawaka asubuhi bila shida, ikipiga kazi kama robo saa inaanza kulegea, inalegea, inazima. Ukikaa dakika kumi ukapiga stata inawaka kama hakuna kilichotokea. Mi nikasema hii kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, imekwisha, ikipata moto inashindwa. Nikashusha kila kitu, hedi, sampu (bakuli la oili la chini), pistoni zote tatu, nikapima, vipimo vyote viko sawa kabisa. Nikarudisha kwa gasketi mpya na ringi mpya, nikawasha, robo saa ikazima vilevile. Tatizo lilikuwa kipande cha kutu ndani ya tenki, kikubwa kama ukucha, kinavutwa taratibu na mtiririko wa dizeli mpaka kinaziba mdomo wa koki, injini ikizima kinajiachia kinaondoka zake. Wiki tatu za kazi kwa kipande cha kutu!

Kwa hiyo tuanze na kusikiliza injini kabla ya kuigusa.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, inaishi kwa mambo matatu: hewa ya kutosha, ibanwe vizuri, na dizeli safi iingie kwa wakati wake ikiwa imepulizwa kama ukungu. Hewa inabanwa mara 16 mpaka 18 hivi, inapata joto la nyuzi 500 na zaidi, dizeli ikipulizwa pale inawaka yenyewe. Basi. Shida yoyote utakayokutana nayo ni mojawapo ya hayo matatu, au ni mafuta ya kulainisha, au ni maji ya kupoza. Ukikumbuka hivyo hutababaika.

Dizeli ndo ya kuanza nayo, kwasababu ndo rahisi na ndo inayodanganya watu wengi. Funga koki ya tenki, chukua jerikeni ndogo safi, itundike juu kuliko injini, halafu shusha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani mpaka kwenye pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ile inayotangulia filta. Toa upepo, washa, iache ifanye kazi. Ikipiga kazi vizuri basi shida iko nyuma, kwenye tenki, koki, au kifuniko cha tenki ambacho kile kitundu chake cha kupumulia kimezibwa na tope. Hicho kifuniko kipime hata kabla ya jerikeni, trekta ikianza kulegea kifungue tu, ukisikia kinavuta upepo fyuu na injini ikafufuka umeshamaliza kazi. Na ukirudisha dizeli ya tenki kupitia ule mpira wa plastiki, uutazame vizuri, ukiona vipovu vinapita ujue kuna mahali juu yake pananyonya upepo, washa (pete bapa) ya kopa iliyochoka au bolti ya banjo, ile yenye tundu la kupitishia dizeli, haijabana, upande wa kuvuta unaweza kunyonya upepo bila kuvuja hata tone.

Moshi nao unaongea sana kama ukiutazama kwa utulivu. Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, angalia kwanza chujio la hewa, haya matrekta ya zamani mengi yana lile bakuli la oili kwa chini, utakuta oili imegeuka uji mzito wa vumbi na injini inapumua kwa shida, baada ya hapo ndo uwaze nozeli (vipulizio vya dizeli) zinazotema badala ya kupuliza. Mweupe asubuhi ukaisha injini ikipata moto usiupe kichwa, lakini mweupe unaoendelea na unachoma macho ni dizeli isiyoungua, yaani kompresheni ndogo au taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) imechelewa au nozeli moja imekufa, na mweupe wa mvuke huku rejeta inapungua maji ni maji yanaingia ndani ya silinda. Bluu ni oili. Ila bluu yenyewe inatofautiana: ukiacha injini ikae sailensa (inazunguka taratibu bila kukanyaga) muda halafu ukakanyaga ghafla likatoka wingu la bluu likaisha, mara nyingi oili imeshuka kupitia gaidi za valvu (vile vibomba ambavyo valvu zinapita), lakini bluu inayozidi kadri unavyoipa mzigo ni ringi na laina (lile bomba ambalo pistoni inateleza ndani yake).

Baada ya hapo tafuta silinda mgonjwa. Injini ikiwa sailensa, vaa miwani, funika nati ya paipu ya nozeli namba 1 kwa kitambaa, legeza nusu mzunguko tu, sikiliza. Silinda nzima ukiikata mlio unabadilika mara moja, injini inaanza kuchechemea. Kaza, nenda ya pili, nenda ya tatu. Ile ambayo ukiilegeza injini haijali ndo haifanyi kazi. Hapa nasema kwa msisitizo: usiweke kamwe kidole wala kiganja mbele ya nozeli inayopuliza au paipu iliyotoboka. Dizeli inatoka kwa presha ya zaidi ya 170 bar, inapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo kama cha kuchomwa mwiba na ndani nyama inaoza. Ikikutokea ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kuvimba, na uwaambie kabisa kwamba dizeli imeingia kwa presha.

Ukishajua silinda mgonjwa, badilisha nozeli yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama na nozeli, ni nozeli, peleka kwenye mashine ya kupimia. Ukibaki palepale, pima kompresheni. Betri iwe na chaji kamili maana stata ikizunguka polepole kipimo ni cha uongo, toa nozeli zote, vuta kizimio ili pampu isitume dizeli, piga stata mpaka sindano itulie. Injini nyingi za aina hii zikiwa nzima zinasoma kati ya 300 na 450 psi kutegemea geji na injini yenyewe, ila kinachoniambia ukweli zaidi ni tofauti, silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 ndani kuna jambo. Wapo wanaomwaga oili kwenye silinda na kupima tena wajue kama ni ringi, kwenye dizeli hiyo uifanye kwa tahadhari kubwa, nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo sana, ukimwaga oili nyingi pistoni itaikuta haina pa kwenda na konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), inapinda. Matone machache tu.

Mwisho fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inazunguka. Kupumua kidogo ni kawaida. Ikitoa moshi kwa nguvu kama bomba la jiko, hewa inapita pembeni ya pistoni, na hapo sasa ndo una ruhusa ya kufungua. Oili nayo itazame kwenye kijiti, ikiwa kama maziwa kuna maji, ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli angalia dayaframu ya ile pampu ndogo ya kuvuta, ikipasuka inamwaga dizeli moja kwa moja kwenye sampu na beringi zinakufa kimyakimya.

Sasa tufungue

Osha injini yote nje kabla hujagusa nati hata moja. Grisi na vumbi la miaka huwa vinadondoka ndani ukifungua, na vumbi ndo muuaji namba moja wa injini mpya. Piga picha kila hatua, kila paipu, kila waya. Vifaa weka kwenye mifuko yenye majina, bolti za hedi na pushirodi (vile vijiti vinavyosukuma roka za valvu) chomeka kwenye boksi lililotobolewa matundu kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kwasababu kila pushirodi imezoeana na roka yake.

Kama unafanya kazi injini ikiwa kwenye trekta, kumbuka kwenye matrekta mengi ya zamani injini yenyewe ndo chesisi, ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini na gia boksi imefungwa nyuma yake. Kabla hujatenganisha, weka magogo imara chini ya gia boksi na gonga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kile kinachoibeba, bila hizo kabari sehemu ya mbele inapinduka kama mlevi na inaua mtu. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja.

Lakini kama laina na ringi tu ndo zimechoka na krenki ni nzima, mara nyingi huhitaji kutenganisha trekta, unatoa hedi juu, unashusha sampu chini (ni chuma kizito, tafuta mtu wa pili), unafungua kepu za konrodi na unasukuma pistoni zitoke juu. Kabla ya kusukuma pitisha kidole juu kabisa ya silinda, utasikia ukingo, ile sehemu ambayo ringi hazifiki. Ondoa kaboni na huo ukingo kwanza, ukilazimisha ringi zitagonga pale na kuvunja kingo za pistoni.

Konrodi na kepu yake zilichongwa pamoja kiwandani. Hazibadilishani na hazigeuzwi. Tafuta namba zilizogongwa ubavuni, kama hamna weka alama zako mwenyewe kabla ya kulegeza, na kila kepu ikitoka irudishe kwenye konrodi yake hapohapo na nati zake.

Beringi zikitoka usizitupe kwenye ndoo. Zipange mezani juu ya karatasi kwa mpangilio, chukua tochi, kaa chini uzisome. Rangi ya kijivu iliyofifia sawasawa ni uzee wa kawaida. Mistari ya mzunguko ni uchafu uliopita kwenye oili. Ukiona imekula upande mmoja tu wa ukingo, konrodi imepinda kidogo. Ukiona rangi ya kopa inachungulia chini ya kijivu, ile ngozi ya juu imekwisha na hiyo beringi ilikuwa imebakiza muda mfupi sana. Nyuma ya beringi kuna maandishi madogo, STD au 010 au 020 au 030, STD maana yake krenki haijachongwa bado, hizo namba ni elfu za inchi ambazo krenki imeshapunguzwa, yaani 0.25, 0.50 na 0.75 mm. Soma kabla ya kuagiza. Krenki iliyochongwa 020 ukiifungia beringi za STD hautapata presha ya oili hata siku moja, na nimeshaona injini imefungwa hivyo kabisa.

Vipimo

Hapa ndo moyo wa kazi yote na hapa ndo watu wanaruka. Ukiwa huna maikromita azima, au peleka block na krenki kwenye karakana ya kuchonga wapime huku ukiwepo na ukiandika. Na tafuta kitabu cha injini yako, namba ya injini imegongwa kwenye block, kwasababu namba nitakazotaja ni za kukupa picha tu, kitabu ndo mwenye neno.

Silinda pima juu, katikati na chini, na kila mahali pima mara mbili, mara moja kwa urefu wa injini na mara moja kuelekea pembeni. Ulaji mkubwa utaukuta juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na zaidi kuelekea pembeni kwasababu huko ndiko pistoni inakosukumwa. Kwa silinda ya milimita 90 hivi, mi nikishaona tofauti ya 0.15 mm natoa laina. Kuna laina kavu zinazobanwa ndani ya block kwa nguvu, hizi zipeleke kwa mwenye presi, na kuna laina za maji zinazokaa kwa mipira, hizi unazitoa mwenyewe, ila hakikisha zinachomoza juu ya block kwa kipimo cha kitabu, la sivyo gasketi haitabana. Kama silinda bado ni nzima inatosha kuikwaruza kwa honi (kifaa chenye mawe ya kusugulia) mpaka uone mistari inayokatana kama nyavu, hiyo mistari ndo inashika oili na ndo inasaidia ringi mpya kukaa. Baada ya honi osha kwa maji ya moto na sabuni, sio dizeli peke yake, dizeli inaacha unga wa jiwe ndani ya mistari. Sugua mpaka kitambaa cheupe kikipita kitoke cheupe, kausha, paka oili palepale maana kutu inaanza haraka kuliko unavyodhani.

Krenki pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, ipelekwe ikachongwe. Usipokwama pima kwa maikromita pande mbili za kila jonali (ile shingo ya krenki inayokaa kwenye beringi) uone kama imekuwa yai. Ikirudi kutoka kuchongwa, hakikisha ile kona ya mviringo kati ya jonali na shavu bado ipo, ikiwa imekatwa kona kali krenki itavunjika hapohapo. Halafu fungua plagi zote za njia za oili kwenye block na krenki na pitisha brashi ndefu. Utashangaa matope yatakayotoka.

Ringi mpya iingize kwenye silinda peke yake, isukume na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa silinda ya saizi hii unatarajia 0.30 mpaka 0.40 mm hivi kwa ringi ya juu. Mwanya ukiwa mdogo sana ringi ikipata moto ncha zinagongana na inakwaruza laina nzima, kwa hiyo usidhani mwanya mdogo ndo mzuri. Weka ringi mpya pia kwenye mfereji wa pistoni ya zamani, ikicheza juu chini kuliko kitabu kinavyoruhusu pistoni hiyo imekwisha hata kama inang'aa.

Hedi weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, chungulia mwanga na pima kwa fila geji. Tafuta ufa kati ya siti za valvu, huko ndiko unakopenda kuanzia. Valvu ukishazisaga zirudishe na springi zake, geuza hedi pembeni, mimina dizeli kwenye matundu ya kuingilia na kutokea hewa, uiache nusu saa. Ikichirizika kwenye siti, saga tena.

Kurudisha

Siku ya kurudisha usifagie chumba, usisage chuma karibu, nawa mikono. Beringi mgongo wake uwe mkavu na msafi kabisa, uso wake ndo upakwe oili. Kabla ya oili lakini, pima nafasi kwa uzi wa Plastigage: weka kipande juu ya jonali kavu, rudisha kepu, kaza kwa spana ya torki mpaka kipimo cha kitabu bila kuzungusha krenki, fungua, linganisha upana wa uzi uliobonyea na ile karatasi yake. Kati ya 0.05 na 0.10 mm kwa kawaida uko vizuri. Hiyo ni dakika kumi kwa kila beringi na inakuambia kama kazi yote ya kuchonga ilifanyika sawa au la.

Washa za thrasti (zinazozuia krenki isicheze mbele na nyuma) zile za nusu duara, mifereji yake inaangalia krenki, sio block. Wengi wanazigeuza na zinakwisha kwa masaa machache. Kaza kepu moja, zungusha krenki kwa mkono, kaza inayofuata, zungusha tena. Ikikaza ghafla umejua ni ipi.

Pistoni ina alama ya mbele, iheshimu. Mianya ya ringi itawanye, kama ziko tatu ziachane theluthi ya duara na isiwepo hata moja juu ya pini. Vika vipande vya mpira kwenye bolti za konrodi zisikwaruze jonali, bana ringi, sukuma pistoni kwa mpini wa mbao wa nyundo kwa kugonga taratibu. Ikigoma simama. Ringi moja imechomoka chini ya kibanio, ukipiga kwa hasira umeivunja na hautajua mpaka uiwashe.

Gia za taimingi panga alama zote pistoni namba 1 ikiwa juu kabisa, krenki, kamshafti, pampu na ile gia ya kati. Usishtuke ukizungusha injini mara mbili ukaona alama za gia ya kati hazikutani tena, idadi ya meno ndo inafanya hivyo, zinaweza kuchukua mizunguko mingi sana kurudi. Cha muhimu zilikutana wakati wa kufunga, na upige picha ya ushahidi.

Gasketi ya hedi soma imeandikwa nini, kama imeandikwa juu basi ni juu, na usipake gundi yoyote kama mtengenezaji hajasema. Bolti safisha nyuzi zake, paka oili kidogo, kaza kuanzia katikati ukienda nje kwa kuzunguka, kwa awamu tatu mpaka kipimo cha kitabu. Klirensi ya valvu kwenye AD3.152 ni 0.30 mm injini ikiwa baridi.

Nozeli kila moja na washa mpya ya kopa, na chungulia kwenye tundu kwa tochi uhakikishe ya zamani haikubaki ndani. Washa mbili zikikaa pamoja ncha ya nozeli inapanda, dizeli inapuliza mahali sipo, unapata moshi mweusi na kugonga na utalaumu pampu bure.

Kuwasha

Jaza oili, jaza na filta yake. Vuta kizimio, piga stata kwa vipande vya sekunde 10 hivi ukipumzisha, mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji na oili ionekane juu kwenye roka. Usiruke hatua hii, beringi mpya kavu zinaharibika kwenye sekunde za mwanzo kabisa.

Kabla ya hiyo stata toa upepo kwa mpangilio, pampu ndogo kwa kile kimkono chake, skrubu ya filta, skrubu za pampu kubwa, mpaka dizeli itoke bila povu. Pampu za mzunguko kama CAV DPA zinalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo kuzungusha injini muda mrefu pampu ikiwa tupu ni kuiua. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli, piga stata, kila moja ikitema kaza.

Weka ubao karibu na mdomo wa kuingizia hewa kabla ya kuwasha. Injini ya dizeli ikianza kukimbia yenyewe, labda pampu imekwama au inakula oili yake, njia ya uhakika ya kuizima ni kuinyima hewa. Ubao, sio mkono, mkono utavutwa. Na usisimame ubavuni mwa flaiwili.

Ikiwaka macho kwenye geji ya oili kwanza. Kama hakuna presha ndani ya sekunde 10 zima. Ikiwepo, iache mzunguko wa kati, sio sailensa ya chini, kwa dakika 20 hivi, tafuta uvujaji, gusa rejeta, sikiliza. Ikipoa, kaza hedi tena kama kitabu na gasketi yako vinataka hivyo, kisha pima klirensi za valvu upya maana zitakuwa zimebadilika.

Halafu ipe kazi. Watu wanaionea huruma injini mpya, wanaiacha inanguruma sailensa siku nzima, na hilo ndo kosa. Ringi zinasukumwa kwenye laina na presha ya mwako, bila mzigo hazikandamizwi vya kutosha, laina inapata ngozi laini kama kioo na injini inakula oili maisha yake yote. Mzigo wa wastani, unaobadilika, bila kuizidishia na bila kuiacha ikilala. Badilisha oili na filta kati ya masaa 25 na 50 ya kwanza, na oili inayotoka ichuje kwenye kitambaa cheupe uone. Unga mwembamba wa kijivu ni ringi zinakaa, vipande vinavyong'aa vya rangi ya kopa sivyo, hapo shusha sampu uangalie beringi.

Ikigonga baada ya haya yote, rudia ule mchezo wa kulegeza nati za nozeli. Mlio mkali wa kugonga unaokatika ukiikata silinda fulani unaweza kuwa nozeli inayotema au beringi ya konrodi ile, badilisha nozeli kwanza kwasababu ni dakika 20. Mlio mzito wa kugonga wa chini unaosikika zaidi ukiipa mzigo, na presha ya oili inashuka injini ikipata moto, huo ni wa krenki. Lakini presha ikionekana ndogo tu bila kugonga, funga kwanza geji nyingine unayoiamini, kisha fungua valvu ya kupunguzia presha kwenye pampu ya oili, mara nyingi utakuta chembe ya uchafu imeishikilia wazi.